Kusafisha ini kwa mafuta na ndimu: yale mawe ya kijani ni nini hasa?

Kwenye simu zetu huzunguka maelezo ya "kusafisha ini". Mtu huambiwa ashinde na juisi ya tufaha, jioni anywe chumvi ya haluli, na usiku anywe mafuta ya zaituni yaliyochanganywa na ndimu au balungi, kisha alale. Asubuhi huharisha, na chooni huona vidonge laini vya kijani, pengine makumi kwa makumi. Hupiga picha na kuwatumia wenzake: mawe yametoka!

Msikilizaji, yale si mawe ya nyongo. Mawe, kama yapo, yamebaki pale pale yalipokuwa.

Mawe huanzaje?

Ini hutengeneza nyongo, maji ya manjano na kijani yanayosaidia kusaga mafuta ya chakula. Kwa siku hutoka kiasi cha nusu lita hadi lita moja. Sehemu yake huwekwa kwenye mfuko mdogo ulio chini ya ini, upande wa kulia. Ukila chakula cha mafuta, mfuko hujikamua na nyongo hushuka kwenye utumbo.

Ndani ya nyongo mna lehemu, ambayo wengi tunaiita kolestro. Lehemu haiyeyuki kwenye maji matupu. Hubebwa na chumvi za nyongo. Lehemu ikizidi, chumvi hizo zikipungua, au mfuko ukichelewa kujikamua, lehemu hushikana ikawa punje, na punje hukua ikawa jiwe.

Kuna mawe mengine yasiyotokana na lehemu. Hutokana na bilirubini, rangi inayobaki chembe nyekundu za damu zinapovunjika. Haya huwapata sana watu wenye selimundu, yaani siko seli, hata watoto.

Mawe ya lehemu huwapata zaidi wanawake, hasa waliozaa mara nyingi, watu waliopita miaka 40, wenye uzito mkubwa, na wanaopunguza uzito kwa haraka mno. Usidanganyike na kipimo cha kolestro ya damu: inaweza kuwa sawa na mawe yakawepo.

Walipoyapima, walikuta nini?

Mwaka 2005 jarida la udaktari The Lancet lilichapisha kisa cha mwanamke wa miaka 40 wa New Zealand. Altrasaundi ilionyesha ana mawe madogo mengi kwenye mfuko wa nyongo. Kwa ushauri wa mtaalamu wa mitishamba alikunywa mililita 600 za mafuta ya zaituni na mililita 300 za maji ya limau kwa saa kadhaa. Akapata vidonge vya kijani, akavihifadhi, akawapelekea madaktari.

Maabara ilivipima. Havikuwa na lehemu, bilirubini wala kalsiamu. Robo tatu yake ilikuwa asidi za mafuta, na vilipopashwa moto wa nyuzi 40 viliyeyuka vikawa mafuta ya kijani. Watafiti wakachanganya asidi inayopatikana kwenye mafuta ya zaituni na maji ya limau, wakatia kidogo dawa ya potasiamu, na wakapata vidonge vigumu vinavyofanana. Mama yule mwishowe alifanyiwa upasuaji, mfuko ukatolewa.

Kinamama wetu wanaotengeneza sabuni ya mwani wataelewa upesi. Mafuta yakikutana na kostiki hugeuka sabuni. Tumboni, mafuta mengi huvunjwa na vimeng'enya, yakakutana na potasiamu iliyomo kwenye limau, yakaganda. Kile kilichotoka ni sabuni iliyopikwa tumboni usiku ule.

Tena fikiria njia yenyewe. Mfereji wa nyongo kwa kawaida hauzidi milimita 6 hivi kwa upana, na mlango wake wa kuingilia utumbo ni mwembamba zaidi. Mawe makumi yenye ukubwa wa zabibu hayawezi kupita hapo usiku mmoja bila maumivu makali.

Mbona wengine hupata nafuu?

Kwa sababu maumivu ya nyongo huja na kuondoka. Jiwe huziba shingo ya mfuko, kisha hurudi nyuma, na maumivu hukatika yenyewe. Aliyekunywa mafuta huyapa mafuta sifa.

Hatari iko wapi?

Mafuta mengi huulazimisha mfuko ujikamue kwa nguvu. Jiwe dogo la kweli linaweza kusukumwa likakwama kwenye mfereji, likaleta umanjano au kuvimba kwa kongosho, na kongosho likivimba mtu anaweza kufa. Chumvi ya haluli nayo huharisha, hukausha maji mwilini, na ni hatari kwa mwenye maradhi ya figo. Mwenye kisukari asishinde na juisi.

Ini halina taka iliyorundikana ikisubiri kuoshwa. Lenyewe ndilo linalobadilisha sumu za mwili ili zitoke kwa njia ya nyongo na mkojo.

Ufanye nini?

Maumivu ya nyongo hukaa juu ya tumbo, katikati au kulia, mara nyingi baada ya mlo wa mafuta au usiku. Huweza kupanda hadi mgongoni au bega la kulia. Wengi husema ni chango au vidonda vya tumbo. Yakijirudia, nenda kituo cha afya uulize kuhusu altrasaundi.

Usisubiri hata siku moja ukiona homa na kutetemeka, macho ya manjano, mkojo mweusi kama chai ya rangi, kutapika kusikokoma, au maumivu yasiyokatika kwa saa kadhaa. Kimbilia hospitali.

Watu wengi wenye mawe hawaumwi, na hao kwa kawaida hawahitaji tiba. Anayeumwa hutolewa mfuko kwa upasuaji, na mtu huishi vyema bila mfuko huo, kwani nyongo hushuka moja kwa moja kutoka kwenye ini. Zipo pia dawa za kuyeyusha, lakini hufaa kwa mawe madogo ya lehemu tu, huchukua miezi mingi, na mawe yanaweza kurudi.

Ukitumiwa picha ya vidonge vya kijani, muulize aliyekutumia: baada ya hapo alipiga altrasaundi? Hiyo ndiyo inayoonyesha kama mawe yametoka.