New York Knicks ya 1999: Timu Inapobaki Bila Nguzo Yake

Siasa zetu zimetuzoesha swali moja: akiondoka fulani, atabaki nani? Vyama vya siasa, vyama vya wafanyakazi na hata idara za vyuo vikuu huulizwa swali hilo, kana kwamba taasisi ni kivuli cha mtu mmoja. Historia ya mpira wa kikapu nchini Marekani ina mfano unaolijibu kwa namna isiyomridhisha anayemtukuza shujaa wala anayembeza. Mfano huo ni timu ya New York Knicks ya mwaka 1999.

Msimu ule ulitanguliwa na mgogoro wa kazi. Tarehe 1 Julai 1998 wamiliki wa timu za NBA waliwafungia wachezaji milango, wakitaka mishahara idhibitiwe zaidi. Mwafaka ulipatikana Januari 1999, na mechi za kila timu zikapunguzwa kutoka 82 hadi 50. Rais wa chama cha wachezaji wakati huo alikuwa Patrick Ewing, mzaliwa wa Kingston, Jamaika, aliyeichezea Knicks tangu mwaka 1985. Mtu yule yule aliyekuwa nguzo ya timu uwanjani ndiye aliyekuwa sauti ya wenzake katika meza ya majadiliano.

Knicks walishinda mechi 27 na kupoteza 23, wakaambulia nafasi ya nane, ya mwisho ya kufuzu mtoano katika Kanda ya Mashariki. Hata hivyo waliwatoa Miami Heat, vinara wa kanda, kwa kikapu cha Allan Houston kilichofungwa ikiwa imesalia chini ya sekunde moja. Kisha wakawashinda Atlanta Hawks mechi nne kwa bila. Katika nusu fainali dhidi ya Indiana Pacers, timu zikiwa zimegawana mechi mbili za kwanza, ikabainika kwamba kano ya kisigino cha Ewing imechanika. Kwake msimu ulikuwa umekwisha.

Wengi waliamini kwamba na timu imekwisha. Badala yake, Knicks walibadili mwendo. Mashambulizi yaliyozoea kupitia kwa jitu lililosimama chini ya kikapu sasa yalitegemea mbio za Latrell Sprewell na Marcus Camby pamoja na mitupo ya Houston. Ulinzi mkali wa kocha Jeff Van Gundy haukubadilika, kwa kuwa haukuwa mali ya Ewing peke yake. Ulikuwa kanuni ya timu nzima. Mechi ya tatu waliishinda kwa pointi 92 kwa 91, Larry Johnson alipofunga mtupo wa pointi tatu huku akichezewa faulo, kisha akaongeza pointi ya nne. Walishinda mechi nne kwa mbili, wakawa timu ya kwanza iliyoshika nafasi ya nane kufika fainali ya NBA.

Hapo ndipo ilipozuka hoja kwamba timu ilikuwa bora bila Ewing. Fainali inaikanusha. San Antonio Spurs walikuwa na warefu wawili, Tim Duncan na David Robinson, na Knicks hawakuwa na mtu wa kuwakabili kwa kimo na uzoefu. Walishinda mechi moja tu kati ya tano. Ya mwisho waliipoteza kwa pointi moja, 78 kwa 77. Kasi iliweza kuficha pengo, lakini haikuweza kuliziba.

Mafunzo ni mawili, na yanapaswa kusomwa pamoja. Kwanza, mrithi hatafutwi siku ya msiba. Camby aliletwa mwaka 1998 kwa kubadilishwa na Charles Oakley, mkongwe aliyependwa sana na mashabiki. Kwa hiyo Ewing alipoumia, kijana huyo alikuwa tayari ameizoea timu. Pili, kumthamini kiongozi si kumwabudu. Taasisi inayodai kwamba haikupoteza kitu alipoondoka mtu wake mkubwa inajidanganya sawa na ile inayodai kwamba haiwezi kuishi bila yeye.

Basi tunapovipima vyama vyetu, tusiishie kuuliza nani atashika kiti. Tuulize pia ni kanuni ipi inayojulikana na wote, na ni vijana wangapi wanaopewa nafasi ya kucheza mkongwe akiwa bado yupo uwanjani.