Gambuti za Johannesburg: Je, Ziliongea Gizani?

Siku hizi mtembea kwa miguu anaweza kuongozwa kwa muziki. Anavaa hedifoni, wimbo ukihamia sikio la kulia, anakata kulia. Mfumo wa aina hiyo, gpsTunes, ulielezwa na watafiti mwaka 2005. Katikati ya jiji la Johannesburg ungefaa sana, maana simu hubaki mfukoni, mbali na vibaka. Lakini jiji hilo lina habari ya zamani zaidi ya sauti inayovaliwa mwilini.

Dhahabu ya Witwatersrand ilianza kuchimbwa mwaka 1886, hadi chini ya mitaa ya leo. Miaka 100 baadaye, wajenzi wa makao makuu ya Standard Bank, mtaa wa Simmonds, walikuta sehemu ya mgodi wa Ferreira. Wachimbaji wa migodi ya Johannesburg walitoka Msumbiji, Lesotho, Malawi na kwingineko. Kwa sababu ya maji chini ya ardhi, walivaa gambuti.

Watalii husimuliwa kwamba wachimbaji walikatazwa kuzungumza, wakawa wanapiga gambuti ili kupeana ujumbe gizani. Je, ni kweli? Sauti kuongoza watembeaji si jambo geni kwetu. Katika kitabu chake cha 1860, Burton alieleza misafara ya bara, kirangozi akitangulia na ngoma ikilia. Hata hivyo, habari ya mgodini tunaipokea kwa tahadhari. Mtindo huo wa kucheza, isicathulo, unahusishwa pia na shule za misheni za Natal na wapagazi wa bandari ya Durban, ambako hakukuwa na giza la mgodi. Tena, kelele za mashine za kutoboa mwamba zingemeza kofi la mpira.

Kilicho wazi zaidi ni mambo ya juu ya ardhi. Siku za mapumziko, wachezaji walifunga njuga au vifuniko vya chupa kwenye gambuti. Kiongozi aliita hatua, mstari ukaitikia kwa makofi na vishindo, kila mguu ukifuata sikio. Mwaka 1943 uwanja wa michezo hiyo ulijengwa katika mgodi wa Consolidated Main Reef kwa mchango wa Hugh Tracey.

Tukishika hadithi ya siri peke yake, mchimbaji anabaki mtu wa kumkwepa mnyapara tu. Ustadi wake unasahaulika: alipewa kiatu cha kazi, akakifanya chombo cha muziki. Tunapowasifu wavumbuzi wa leo, naye tumhesabu.