Adrian Atiman, tabibu wa Karema aliyewahi kuwa mtumwa

Adrian Atiman alikuwa tabibu na katekista wa Kanisa Katoliki aliyefanya kazi Karema, mwambao wa mashariki wa Ziwa Tanganyika, tangu mwaka 1889 hadi alipofariki dunia mwaka 1956. Ni wachache waliotangulia kupeleka tiba ya hospitali magharibi mwa Tanzania mapema kiasi hicho, na pengine hakuna aliyefika huko kwa njia ndefu kama yake, kwani kabla ya kuwa daktari alikuwa mtumwa.

Alizaliwa yapata mwaka 1866 huko Tundurma, kando ya Mto Niger, katika nchi ambayo leo ni Mali. Akiwa bado mtoto alitekwa na wafanyabiashara ya watumwa, akavushwa jangwa la Sahara kwa msafara hadi Algeria. Huko alikombolewa kwa fedha na Wamisionari wa Afrika, shirika lililoanzishwa mwaka 1868 na Askofu Mkuu wa Algiers, Charles Lavigerie.

Lavigerie, ambaye alifanywa kardinali mwaka 1882, aliamini kwamba si kila kijana aliyekombolewa apaswa kuwa padri. Wengine wasomee utabibu, waoe, na wakaishi miongoni mwa Waafrika wakitibu na kufundisha dini. Kwa ajili hiyo Atiman alipelekwa Malta mwaka 1881, na alihitimu masomo ya udaktari kisiwani humo mwaka 1888. Shauri hilo lilikuwa na busara yake, lakini lilikuwa pia na kasoro. Kijana aliyenunuliwa uhuru wake kwa fedha za shirika hakuwa na nafasi kubwa ya kulikataa; na mzaliwa wa Niger, ingawa ni Mwafrika, alikuwa mgeni kwa Wabende na Wafipa kama Mfaransa yeyote.

Mwaka huo wa 1888 alifika pwani ya Afrika Mashariki, wakati ambapo watu wa pwani, wakiongozwa na Abushiri, walikuwa wakianza kupigana na Wajerumani. Njia kuu ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Ugogo na kufika Tabora, ambayo ilikuwa njia panda ya bara. Kutoka hapo tawi moja lilielekea Ujiji, jingine kaskazini kuelekea Buganda, na jingine kusini-magharibi hadi Karema. Wapagazi wa Kinyamwezi walipeleka bara vitambaa, shanga na baruti. Pembe za ndovu na watumwa walishuka pwani. Magonjwa nayo yalisafiri kwa njia hiyo hiyo, hasa ndui, ambayo iliweza kumaliza msafara mzima. Kwa Atiman, aliyejua msafara wa watumwa ni kitu gani, mambo hayo hayakuhitaji kuelezwa.

Karema ilikuwa kituo kilichojengwa na Wabelgiji mwaka 1879, kisha kikakabidhiwa kwa wamisionari mwaka 1885. Ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo, ulinzi wa misheni ulikuwa mikononi mwa askari halisi, Kapteni Léopold Joubert, Mfaransa aliyewahi kulitumikia jeshi la Papa na kupigana Castelfidardo mwaka 1860. Joubert aliwafunza wenyeji silaha na kupambana na wawindaji wa watumwa. Alifariki huko mwaka 1927. Historia imemkumbuka zaidi kapteni kuliko tabibu, kama ilivyo kawaida yake kupenda bunduki.

Muda mfupi baada ya kufika, Atiman alimwoa Agnes Wansahira, binti wa mtemi wa Wabende. Ndoa hiyo ilimpa ukoo na wenyeji wa kumpokea, jambo ambalo shahada ya Malta isingeweza kumpatia. Mtoto wao Joseph alipata upadrisho mwaka 1923. Katika tiba, Atiman hakutegemea dawa za Ulaya peke yake. Alijifunza pia miti shamba ya wenyeji, jambo la lazima mahali ambapo kila sanduku la dawa lilibebwa kichwani kwa miezi kadhaa kutoka pwani. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, lakini Karema ilibaki mbali nayo.

Watawala walibadilika mbele yake. Mwaka 1890 Emin Pasha, naye daktari, alipandisha bendera ya Ujerumani Tabora. Miaka miwili baadaye aliuawa Kongo. Mtemi Isike wa Unyanyembe alishindwa na Wajerumani mwaka 1893. Mwezi Septemba 1916 Wabelgiji waliitwaa Tabora, kisha Waingereza wakashika utawala. Tabibu wa Karema aliendelea kutibu wagonjwa wake chini ya wote hao, na mwaka 1946 kumbukumbu za maisha yake zilichapishwa katika jarida la Tanganyika Notes and Records.

Alifariki Karema akiwa na umri wa takriban miaka 90, baada ya kuishi hapo miaka 67. Hospitali ya Kanisa Katoliki mjini Sumbawanga imepewa jina lake, Dk. Atiman.