Ni Mpira Tu

Niliacha masomo ya sheria mwaka wa pili, lakini Edward Grayson hakuniacha. Wakili huyu Mwingereza, baadaye profesa, alichapisha Sport and the Law mwaka 1988. Hoja yake: mstari wa chaki hauzuii sheria ya jinai kuingia uwanjani. Mwaka 1994, Duncan Ferguson wa Rangers alimpiga John McStay kichwa katikati ya mechi. Refa hakutoa hata kadi ya njano. Mwaka uliofuata, mahakama ya Scotland ikampa miezi 3 jela.

Sasa, kuna beshte yangu alivunjwa taya kwa kiwiko kwenye mechi ya mtaa, mpira ukiwa mbali. Alitaka kwenda polisi. Nikamwambia, "Achana nayo, ni mpira tu." Na kati yetu sote, mimi ndiye nilikuwa nimemsoma Grayson.