Taya Mbele, Pumzi Ipite

Kwetu, mzee akikoroma husemwa amechoka. Lakini mkoromo unaokatika ghafla, kisha mtu akashtuka akitafuta pumzi, ni ugonjwa: koo huziba usingizini. Tiba ya kusogeza taya imetangulia mashine ya hewa, ambayo Colin Sullivan wa Sydney aliitangaza mwaka 1981.

Mapema katika karne ya 20, daktari Mfaransa Pierre Robin aliwavalisha watoto wenye taya dogo kifaa cha kulivuta mbele, ili ulimi usianguke nyuma. Swali likabaki: mbele kiasi gani? Likisogezwa kidogo, koo halifunguki. Likizidi, kiungo cha taya huuma na meno huhama.

Peter George, daktari wa meno wa Honolulu aliyeshinda dhahabu ya kunyanyua vyuma kwenye Olimpiki ya 1952, alibuni kipimo chenye alama za milimita. Mgonjwa hurudisha taya nyuma kabisa, kisha hulipeleka mbele kabisa. Mara nyingi daktari huanzia karibu na nusu ya safari hiyo, halafu husogeza polepole.

Hapa kwetu, kampuni ya Inspire ya Golden Valley, jirani na Minneapolis, hutengeneza kifaa cha kupandikizwa kinachoamsha neva ya ulimi. Kiliidhinishwa Marekani mwaka 2014. Lengo ni lile lile la Robin.

Sisi tunaowatafsiria wazazi kliniki tukumbuke: anayelala hajisikii, shahidi ni aliye chumba cha pili. “Anakoroma” haitoshi. Tuseme pumzi hukatika.