Kufuli la Diski na Kijana wa Norway

Leo nazungumzia programu za kunakili diski za video nyumbani. Wengi hudhani mnunuzi alichagua programu kwa bei au kwa wepesi wake. Mimi nasema mahakama ndizo zilizomchagulia.

DVD zilipoanza kuuzwa Japani mwaka 1996, filamu zilitiwa kufuli la siri liitwalo CSS. Oktoba 1999 ikatokea programu ndogo, DeCSS, iliyolifungua. Mmoja wa waliohusika alikuwa Jon Lech Johansen wa Norway, kijana wa miaka 15 tu! Alishitakiwa. Mahakama ya Oslo ikamwachia huru Januari 2003, na ya rufaa nayo ikafanya hivyo Desemba: diski alikuwa ameinunua kihalali, basi alikuwa na haki ya kuifungua.

Marekani mambo yalikwenda kinyume. Kampuni ya 321 Studios iliuza DVD X Copy kwa waliotaka nakala ya akiba, maana diski ikikwaruzwa ndiyo imekwenda, hasa penye watoto. Februari 2004 mahakama ya San Francisco iliipiga marufuku, na kampuni ikafunga milango mwaka huo huo. Anayeuza nakala mtaani ni mwizi, sibishi. Lakini mzazi aliyelipia filamu ya wanawe, kosa lake nini?

Watu wakakimbilia DVD Shrink, ya bure, iliyoibana filamu ya gigabaiti 8.5 ienee kwenye diski tupu ya 4.7, picha ikififia kidogo. Toleo lake la mwisho nalo lilitoka 2004.