Nasaba za Askari wa Kibra

Mtu atakaye kuujua usuli wa Wanubi wa Kibera, au Kibra kama wenyewe waitavyo msitu ule waliopewa na wakuu wao wa jeshi mwaka 1904, hana budi kwanza aache kutafuta jina la ukoo, kwani jina la namna hiyo, lipitalo toka kwa baba hata kwa kitukuu bila ya kugeuka, halimo katika ada yao. Mtoto hupewa jina lake, likafuatwa na la babaye, kisha la babuye. Tuseme Juma Ramadhani Abdalla amezaa mwana akamwita Hassan: mwana huyo ataandikwa Hassan Juma Ramadhani, na Abdalla, ambaye pengine ndiye aliyekuja na bunduki begani, ameshatoka katika karatasi.

Huko Quebec, Kanada, mambo ya majina ya askari yalikwenda kinyume. Askari wa kikosi cha Carignan-Salières, waliovuka bahari kutoka Ufaransa mwaka 1665, walikuwa na lakabu za kambini, na wale takriban 400 waliobaki wakalima, wengi wao waliwarithisha wana wao lakabu hizo hata zikawa majina ya koo. Na kwa vile makasisi waliandika kila ubatizo, ndoa na maziko, dhuria wao hurudi nyuma kwa kufuata madaftari tu.

Askari wa Kibra hawakuandikiwa madaftari ya jinsi hiyo. Wazee wao walitoka Equatoria, kusini mwa Sudan, katika jeshi la gavana wake Emin Pasha, nao walikuwa Wabari, Wakakwa, Wamakaraka, Wamoru, Wamundu na wengineo. Mwaka 1891 Lugard, afisa wa Kiingereza, akawakuta karibu na Ziwa Albert akawatwaa kwenda Uganda, na lilipoundwa jeshi la Waingereza la King's African Rifles mwaka 1902 wakaingizwa humo. Njiani walioa wake wa makabila mengi, Uislamu na lugha ya Kinubi vikawafanya watu wamoja, na majina ya Kiislamu yakayafunika yale ya jadi. Ndiyo maana mwenye kuhesabu nasaba yake, akishapanda vizazi vitatu au vinne vya akina Ramadhani na Abdalla, ghafula hukuta kabila badala ya mtu.

Walakini Kibra yenyewe ilikwisha kuandikwa. Kambi Muru, Kambi Lendu, Kambi Aluru: kambi hizi zilitwaa majina ya makabila, na jina la namna hiyo halikudondoka kizazi kilipopita, kama lidondokavyo la babu. Mimi naona hiyo ndiyo shajara ya kweli ya watu hawa, na mtafiti afanye adabu ya kuuliza mzee wa nyumba alijenga kambi gani kabla ya kuuliza aliitwa nani.

Jirani zao Wakikuyu wa Kawangware hawana taabu hiyo ya kupotelewa na jina la babu kwa kadiri ile ile, maana mwana wa kwanza huitwa kwa babu mzaa baba na wa pili kwa babu mzaa mama, hivyo jina lililoondoka hurejea baada ya kizazi kimoja.

Kwa Mnubi, kukatika kwa mlolongo wa majina ni jambo zito. Kwa miaka mingi kijana aliyeomba kitambulisho alipigwa msasa mbele ya kamati, akatakiwa alete ithibati ya babu, na aghalabu kilichokuwapo kilikuwa cheti cha jeshi kilichochakaa, au ile pasi ya shamba iliyomruhusu askari kukaa na kulima. Mwezi Machi 2011 Kamati ya Afrika ya Wataalamu wa Haki na Ustawi wa Mtoto iliamua kwamba Kenya imewadhulumu watoto wa Kinubi haki ya uraia.

Na ardhi iliyohifadhi majina imepungua. Ekari 4,197 zilitangazwa katika gazeti rasmi la serikali mwaka 1918. Hati iliyotolewa mwaka 2017 ni ya ekari 288, nayo imeandikwa kwa jina la jamii nzima.